Hata Ile ya Kuwasomea Watoto

Vitabu vilianza kurudi vikiwa vya moto. Si vyote, viwili vitatu tu, asubuhi, ndani ya sanduku la kurudishia lililo mlangoni, vina joto kama nguo iliyotoka kupigwa pasi. Mkutubi mpya alivigusa, akavinusa. Vilinuka moto uliozimwa kwa maji. Jua lilikuwa halijafika upande ule wa jengo.

Wenzake wa zamani walimwita Ushahidi. Miaka mingi alikuwa kwenye kampuni ya bima, akikagua madai ya watu walioungua, walioibiwa, waliofiwa. Mjane alilia mbele yake, naye akawa anatazama kama machozi yanatoka macho yote mawili. Siku alipojikuta anamhoji mama yake mzazi juu ya kikombe kilichovunjika, alijichukia. Akaacha kazi, akasomea ukutubi na utu uzima wake, akaja kwenye maktaba hii ya mtaa yenye rafu zilizopinda na feni moja inayokohoa, awatumikie watu badala ya kuwashuku.

Lakini jicho lilikuwa lile lile.

"Mzee, nani anarudisha vitabu hivi?" alimuuliza mkutubi mkuu.

"Msomaji."

"Msomaji gani?"

"Dada, hapa hatumchunguzi mtu." Mzee alikuwa anagundisha mgongo wa kamusi, wala hakuinua macho. "Ukitaka kupeleleza, rudi bima."

Ushahidi akarudi mezani kwake, uso umemshuka.

Faraja yake ilikuwa mama. Hakuweza kumwacha nyumbani peke yake, basi alikuja naye kazini, na kila alasiri bibi yule aliketi kwenye pembe ya watoto akawasomea. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, na kicheko kimejificha chini yake. Akikosea neno, alisema miwani ndiyo iliyokosea. Akina mama waliokuja kuchukua watoto walijikuta nao wameketi chini, mikoba mapajani, wanataka kujua mwisho. Ushahidi aliwatazama kutoka mezani kwake akajiona, kwa mara ya kwanza, ana faida kwa mtu.

Alasiri moja, mama akiwa katikati ya hadithi, mtu alisimama mbele ya meza. Shati lake limefungwa vifungo hadi kooni, na harufu ilikuwa ile ya vitabu. Maswali yakamjaa Ushahidi mdomoni: huyu katoka wapi, kadi yake iko wapi, mbona hapepesi macho? Akakumbuka alivyosemwa. Akayameza yote.

"Naruhusiwa kuazima chochote?" mgeni aliuliza kwa upole.

"Chochote kilichomo humu, mradi urudishe."

Mgeni akageukia pembe ya watoto. "Hata ile ya kuwasomea watoto?"

Alidhani anasema hadithi. Nani asingedhani hivyo?

"Hata ile," akajibu, akijilazimisha kutabasamu. "Chukua tu."

Pale pembeni, sauti ikamkatika mama katikati ya neno. Midomo iliendelea kucheza, lakini hakikutoka kitu. Watoto walicheka, wakajua bibi anawatania.

Daktari alimulika koo, akasema ni zima kabisa. Nyumbani mama alipiga sufuria kwa mwiko alipotaka kumwita binti yake, na mara nyingine aliketi tu ameshika shingo, machozi yakimtiririka. Mtu aliyeishi kwa maneno sasa alikuwa anaonyesha maji kwa kidole.

Kisha sauti ikaanza kusikika maktabani. Mchana kweupe, feni ikikohoa na wasomaji wakiinamia magazeti, Ushahidi aliisikia nyuma ya rafu za mwisho ikisoma kwa maneno yasiyokuwa ya lugha yoyote aliyoijua, na kila alipokaribia ilirudi nyuma rafu moja, na ikarudi tena, na chini yake kilisikika kile kicheko cha mama yake, na baada ya kicheko vikafuata vicheko vingine vingi vidogo, vya hadhira iliyoketi mahali pasipokuwa na mtu, huku harufu ya moto uliozimwa ikimpanda puani hadi akashindwa kupumua.

Alimkimbilia mkutubi mkuu. Mzee alifunga mlango wa ofisi kwanza.

"Ulimwambia nini?" alinong'ona.

"Alisema hata ile. Nikajua ni hadithi."

"Hadithi ni ile. Na sauti nayo ni ile." Mzee akajishika kichwa. "Ni jini, dada. Vitabu vyetu anaviazima tangu sijaota mvi. Haibi, ila analishika neno kama lilivyotamkwa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniamini? Wewe?" Akashusha pumzi. "Mdai kwa adabu. Ukimwita mwizi, utaikosa kabisa."

Jioni, wasomaji walipotoka, Ushahidi alimshika mama yake mkono wakaenda hadi rafu za mwisho. Mgeni alikuwepo, shati kooni.

"Naomba ile niliyokuazima," akasema Ushahidi.

"Haikuwa yako. Mwenyewe aidai, kwa mdomo wake."

"Atadaije, na sauti unayo wewe?"

"Mwazime yako."

Miaka yote ya bima ilimwambia kuna mtego hapo. Mama naye aliuona. Alitikisa kichwa, akamvuta kanga binti yake waondoke. Lakini Ushahidi alitazama ule mdomo uliokuwa ukicheza bure, akaona hawezi kuishi nyumba moja nao.

"Namwazima," akasema, na hilo likawa neno lake la mwisho.

Mama alishtuka kujisikia anasema kwa sauti ya mwanawe: "Nipe sauti yangu." Kitu chenye joto kikampita shavuni, akakohoa, na kilio alichotoa kilikuwa chake mwenyewe.

"Kinywa kimoja hakikai sauti mbili," akasema mgeni. "Iliyozidi nitaitunza mimi."

Mama amerudi kuwasomea watoto. Ushahidi yuko mezani, anapokea vitabu kwa kutikisa kichwa, na wasomaji wanamsifu kwamba mkutubi huyu hana maswali. Yeye husikiliza tu kule nyuma.

Juzi msichana mdogo alikwenda peke yake kwenye rafu za mwisho kutafuta kitabu chenye picha. Mama akaacha kusoma ghafla. Sauti ya binti yake, tamu, yenye subira, ilikuwa ikiuliza: "Jina lako nani, mwanangu? Mnakaa wapi? Usiku mlango wenu anafunga nani?"

Ushahidi aliruka meza, mdomo wazi, bila sauti. Na mtoto, kwa adabu aliyofunzwa kwao, alikuwa anajibu swali moja moja.