Kizibo cha Fundi Viatu

Fundi viatu alikuwa na kibanda chake mbele ya nyumba, na kila kitu cha nyumbani kilichoharibika kilipitia hapo. Mguu wa meza ulivunjika, akaufunga kwa ngozi. Mpini wa sufuria ulilegea, akaukaza kwa uzi wa viatu. Hata ndoo ya taka ilivaa soli.

"Siku meno yangu yakitoka, utayagundisha," mkewe alimtania. Majirani walimwita mkewe Mpole, kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti.

"Nitayagundisha, na hayatatoka tena!" fundi viatu alijibu, misumari midomoni.

Basi hita ya bafuni ikaanza kuvuja. Hita ile ilikuwa tangi la chuma lililotundikwa ukutani, na umeme ulipasha maji ndani yake. Chini ya tangi kulikuwa na bomba dogo. Kwanza lilidondosha tone moja moja. Kisha likawa linatiririka mchana kutwa. Wakamwita fundi wa hita, mtu mwembamba wa maneno machache. Akafungua, akapima, akatikisa kichwa.

"Vitu viwili vimekufa," alisema. "Cha kwanza ni kidhibiti joto, kile kinachozima umeme maji yakishapata moto. Cha pili ni valvu ya usalama, ile inayotoa maji kwa bomba hili dogo. Vyote vibadilishwe." Kisha akataja bei.

Fundi viatu aliruka. "Hiyo ni bei ya soli arobaini! Kwa tone la maji?"

"Basi msiiwashe mpaka itengenezwe," fundi wa hita alisema. Akakusanya bisibisi zake, akaondoka.

"Umemsikia?" fundi viatu alimwambia mkewe. "Anatutisha ili tulipe."

Kesho yake alichukua raba ya kisigino. Akaichonga vizuri, akaipaka gundi, akaisukuma ndani ya lile bomba dogo. Kisha akapitisha skrubu nene katikati ya raba ili itanuke na kukaza. Maji yakakatika pale pale. Alitoka bafuni kifua mbele.

Mama yake, aliyeishi nao, alifurahi kuliko wote. Miguu yake ilikuwa inamuuma, na bila maji moto asubuhi hakuweza hata kuvaa viatu. "Mwanangu ana mikono ya dhahabu," alisema.

Siku ya tatu, Mpole alisikia tangi likinguruma. Sauti ilikuwa ya chini, kama mtu anayeguna usingizini.

"Baba watoto, hita inanguruma."

"Maji yanachemka, yasiseme?"

Tangu siku hiyo, kila alipobonyeza swichi ya hita, alirudisha mkono haraka. Alipofagia bafuni hakukaa chini ya tangi. Aliogopa, na hakujua anaogopa nini hasa. Aliona aibu kusema tena.

Asubuhi ya siku ya tano, mama mkwe aliingia kuoga. Alifunga mlango kwa komeo, kama kawaida yake, akakaa kwenye kigoda chini ya hita na ndoo yake ya maji. Mpole alikuwa jikoni akiosha vyombo. Alifungua bomba la maji moto. Bomba likakohoa, likatema mvuke. Akaruka nyuma. Akafungua la maji baridi. Nayo yalitoka moto.

"Hodi!" mtu aliita mlangoni.

Alikuwa Mama Boila, jirani wa nyumba ya pili. Alikuwa amekuja kuchukua viatu vyake. Jina hilo alilipata kazini. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa msimamizi wa boila, tangi kubwa la kuchemshia maji ya kufulia nguo hospitalini, kabla hajastaafu. Aliingia akitabasamu. Kisha akasikia ule mngurumo, na tabasamu likafutika.

"Ni hita hiyo?"

"Ndiyo, mama."

"Ina bomba dogo la kutolea maji. Linatoa?"

"Lilikuwa linatoa. Baba watoto ameliziba."

Mama Boila hakupiga kelele. Alisema polepole, na upole huo ndio uliomtisha Mpole zaidi. "Swichi kuu ya umeme iko wapi? Izime. Sasa hivi."

Mpole alikimbilia ukutani, akaizima. Tangi halikunyamaza. Lilizidi kuguna.

"Nani yumo bafuni?"

"Mama mkwe!"

"Mtoe. Asiguse bomba lolote."

Mpole aligonga mlango. "Mama, tafadhali toka."

"Nina povu kichwani, mwanangu. Subiri kidogo."

"Mama, toka!"

"Haraka ya nini? Nyumba inaungua?"

Hapo Mpole alipiga ukelele ambao hajawahi kuupiga maishani mwake. "MAMA! ACHA POVU! FUNGUA MLANGO!"

Bafuni kigoda kikaanguka. Kisha komeo likavutwa. Mama mkwe alitoka amejifunga taulo, povu likimshuka shavuni, macho yamemtoka. Mpole alimshika kiunoni, akambeba nusu, akamvuta nusu, mpaka nje, mpaka upande wa pili wa barabara.

Fundi viatu alitoka kibandani mbio. Aliposikia mambo yalivyo, uso ulimsawijika. "Ninakwenda kukitoa kile kizibo."

Mama Boila alimkamata aproni. "Huendi popote! Ukikichomoa sasa, mvuke utakuchuna ngozi ya uso. Umeme umezimwa. Liache tangi lipoe."

"Lakini ni tone tu, mama. Tone la maji!"

"Sikiliza, mwanangu. Maji yakipata moto yanatanuka. Yanatafuta pa kutokea. Valvu ile ndiyo mlango wa kutokea. Kudondosha kidogo wakati wa kupasha si ajabu. Yakitiririka bila kukoma, ujue ndani kuna tatizo. Unazima umeme, unamwita fundi. Huzibi! Kidhibiti joto chako bila shaka kimekufa, kwa hiyo moto haukatiki. Na mlango umeufunga wewe. Maji yaende wapi?"

Fundi viatu aligeuka kuitazama nyumba yake.

"Yanapasua tangi," Mama Boila alisema. "Na likipasuka, ukuta hauzuii kitu."

Mama mkwe alijifuta povu. "Nami nilikuwa nimekaa chini yake," alisema.

Walisubiri nyumbani kwa Mama Boila mpaka jua likaanza kushuka. Kila mlango wa jirani ulipojibamiza, Mpole alishtuka. Fundi viatu alikaa ameinamisha kichwa, mikono yake ya dhahabu kati ya magoti.

Fundi wa hita, waliyempigia simu, aliporudi, tangi lilikuwa limepoa. Alitumia muda mrefu kukichomoa kizibo. "Umekitengeneza vizuri mno," alisema. Hakuwa anatania.

Safari hii fundi viatu aliuliza bila ukali. Fundi akamwandikia bei ya kila kifaa na ya kazi yake, kila kimoja kwenye mstari wake. Bei ilikuwa imepanda, kwa sababu kipasha maji, kile chuma cha ndani kinachopata moto, nacho kilikuwa kimeungua. Vifaa vibovu akamwonyesha mkononi. Akalikagua tangi lote, na nyaya zote, kabla ya kuliwasha. Fundi viatu alilipa. Soli sitini, na hakuguna.

Sasa chini ya bomba dogo kuna kopo. Hita inapowashwa, tone moja moja linaingia humo. Mpole husimama mlangoni mpaka alisikie. Likishalia, ndipo humwita mama mkwe. Kizibo kimetundikwa kibandani kwa msumari, karibu na visu.

Juzi Mpole alimpelekea mumewe chai. Akamkuta mteja amesimama pale.

"Nipe kipande cha raba, kidogo tu," mteja alisema. "Hita yangu inatiririka. Nimeziba kwa kijiti, lakini naona kitatoka."

Kisu cha fundi viatu kilisimama. "Imewashwa?"

"Imewashwa."

"Nani yuko nyumbani?"

"Mke wangu. Anamwogesha mtoto."

"Mpigie azime swichi kuu! Amtoe mtoto nje! Mpigie!" Fundi viatu alikuwa ameshaliruka benchi. Mteja alitoa simu, akamfuata.

Mpole aliweka chai chini, akachukua simu yake kumwita fundi wa hita. Alipotazama nje, mumewe alikuwa anakunja kona mbio, aproni ikipepea, kiatu cha mtu bado kiko mkononi.