Jaribu Kutoka Kabla Hujaingia

Asubuhi katika nyumba ile ilianza kwa kelele za simu. Mtoto wa mwisho, msichana wa miaka saba, hakujaliwa kusema. Aligusa picha kwenye simu, na simu ikamsemea: "Chai. Moto. Sitaki." Alisema kwa simu hiyo kutwa nzima, hata majirani wakamwita Chiriku.

Programu iliyoisemesha simu aliiandika mama yake, mwalimu wa hesabu, kwa miaka mitatu. Aliihifadhi mtandaoni, kwenye jukwaa la bure ambapo watu hutengeneza programu pamoja. Alilichagua kwa kuwa lilipendeza na lilikuwa na watu wengi. Kisha, ili kompyuta ipate nafasi, akafuta nakala ya nyumbani. Majuto ni mjukuu.

Siku moja simu ilitumbukia kwenye ndoo ya kufulia.

"Si neno," mama alimwambia mumewe. "Nitaishusha programu kwenye simu yako."

Alipofungua jukwaa, alikuta tangazo tu. Wenye jukwaa walikuwa wamelifunga. Onyo walilituma kwenye barua pepe ya zamani, ambayo hakuwa akiifungua tena.

Chiriku akawa bubu tena. Wiki ya tatu alianza kulia na kugonga kichwa ukutani. Zahanati waliwapa dawa ya homa.

"Wapi, mwanangu? Tumbo? Jino?" mama aliuliza. Mtoto, ambaye hakujua kuonyesha ila kwa picha za simu, alimkodolea macho tu. Mama alitamani ardhi ipasuke immeze.

Jirani yao, fundi wa kompyuta, alisikia kilio akaja. Mama alimwonyesha majukwaa mawili mapya.

"Nachukua hili. Ni zuri zaidi."

"Uzuri si hoja, mwalimu. Jaribu kutoka kabla hujaingia."

"Kutoka vipi?"

"Weka programu ndogo na maelezo yake. Kisha toa kila kitu, ukiweke kwenye kompyuta nyingine. Kikikataa kutoka, wewe ni mateka."

Jukwaa zuri lilitoa programu, maelezo yakabaki ndani. La pili, lisilo na mapambo, lilitoa vyote. Tena lenyewe lilikuwa huria, yaani maandishi yanayoliendesha yako wazi kwa wote.

"Wenye jukwaa hili wakilifunga, wengine wanaweza kulianzisha upya," alisema fundi. "Na bado weka nakala nyumbani, na nyingine kwangu. Usiniamini mimi peke yangu, naweza kuhama kesho."

"Na ile kazi ya zamani?" baba aliuliza.

"Maji yameshamwagika, ndugu yangu."

Maneno mia sita yalikuwa yamepotea. Mama alianza upya, kwanza sehemu za mwili na maumivu. Siku ya nne walimpa Chiriku simu yenye picha kumi na mbili. Alizitazama sana. Akagusa moja, kisha nyingine.

"Sikio," simu ilisema. "Linauma."

Walimkimbiza hospitali. Daktari alimpima masikio yote mawili.

"La kulia tumeliwahi," alisema. "La kushoto halitasikia tena."

"Tungekuja wiki iliyopita, daktari?"

"Mngeyaokoa yote mawili, mama."