Betri za Redio ya Shule

Kila asubuhi Jerusha aliteka maji ziwani, akampa kaka yake Levis uji kitandani, kisha akakimbilia shuleni pale Karungu. Wote wawili walikuwa darasa la nane, kwa kuwa ugonjwa wa damu ulikuwa umemrudisha Levis nyuma. Mwaka huo, 1996, maumivu ya mifupa yalizidi hata akashindwa kutembea. Lakini bado alisema atafanya mtihani.

Shuleni walisikiliza vipindi vya masomo kwenye redio. Serikali ilitoa pesa za betri kwa sharti moja: betri hizo zitumike ndani ya ua wa shule tu. Mwalimu Nyarangi alizifungia kabatini, na Jerusha ndiye aliyeibeba redio hadi darasani.

"Redio ya Baba ipo," Levis alimwambia jioni moja. "Betri ndizo zimekufa. Sayansi yote inanipita."

Kesho yake Jerusha alianika betri zile kuukuu juu ya mabati, kama watu walivyofanya ili zipate nguvu kidogo. Alipokuwa akirudisha redio kabatini, akazibadilisha na zile nzuri za shule.

Tangu siku hiyo Levis alisoma kitandani. Darasani, sauti ya redio ilififia.

"Omera, ndugu yangu, redio imeshikwa na malaria," Oliver alisema, na wenzake wakacheka.

Siku afisa wa elimu alipokuja, redio ilizimika kabisa. Afisa akamgeukia Mwalimu Nyarangi. "Betri za serikali zinasikiliza mpira nyumbani kwako?"

"Hapana, bwana."

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi."

"Basi kesho utanieleza vizuri, kabla sijakupeleka kwa wakubwa wangu Migori."

Hakuna aliyecheka. Jerusha aliinamisha kichwa.

Jioni alimweleza Levis. Levis alizima redio palepale.

"Zirudishe."

"Na mtihani wako?"

"Yule ndiye aliyenifundisha kusoma, Jeru. Nitamwangaliaje usoni? Zirudishe."

Asubuhi Jerusha aliziweka betri mezani mbele ya afisa na mwalimu, akasema yote huku analia. Afisa akamgeukia.

"Kwa nini hukuomba?"

"Sheria inasema ndani ya shule."

"Hata mimi ningemjibu hivyo," Mwalimu Nyarangi alisema polepole. "Nilijua Levis anaumwa, na sikumwombea ruhusa kwa mtu yeyote."

Afisa alimwomba mwalimu msamaha, akaahidi kulifikisha jambo hilo kwa wakubwa wake. Jerusha alipewa adhabu ya kufyeka nyasi. Kila jioni, mikono ikiwa na malengelenge, alimsomea Levis aliyoyaandika darasani. Kisha mama yao, Filister, aliomba pamoja nao.

Majibu yalichelewa. Jumapili moja Levis alilala, hakuamka tena.

Udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi afisa alipofika nyumbani na Mwalimu Nyarangi, ameshika betri mpya.

"Wamekubali, Mama," alisema, macho yake yakikwepa kaburi. "Mtoto mgonjwa sasa atahesabiwa yuko shuleni, hata akiwa kitandani. Pole sana."

Jerusha alijifunika uso. "Ningesema mapema, Mama. Ningesema mapema."

Filister alimkalisha karibu naye. Alimpapasa mgongo mpaka kilio kikapungua.

"Jerusha, nyathina," alisema, "mwanangu, wewe hukumuua ndugu yako. Ulimpenda. Lakini ulificha, na ulipoficha, hakuna aliyejua tunahitaji betri. Mwalimu naye karibu apoteze kazi. Ukiona sheria inamwacha mtu nje, usiipite kwa siri. Nenda useme, hata sauti ikitetemeka. Mungu anajua bila kuambiwa. Watu lazima waambiwe."

Akazichukua betri, akazitia mkononi mwa binti yake.

"Mtoto wa Gesare kule Sori amevunjika mguu, hatoki nyumbani. Nenda na mwalimu, mchukue na redio ya Baba, kipindi cha mchana kisimpite."

Jerusha alipangusa machozi, akasimama.