Mama Alikataa Kuitwa kwa Jina Langu

"Marehemu ameacha mtoto mmoja, Daktari Nzisa."

Hivyo ndivyo Mjomba Muindi alivyosema kwa maiki, mbele ya kaburi la mama yangu, kijijini kwetu karibu na Tulia.

Mtoto mmoja…

Na mimi nimesimama hapo hapo na shada la maua mkononi. Mimi Mwongeli, kifungua mimba wake!

Watu wakainamisha macho. Pasta akakohoa, akageuza kurasa za Biblia. Hakuna aliyemsahihisha.

Wasomaji wangu, msidhani mjomba alisahau. Mama mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuhesabu hivyo.

Kwetu Ukambani mama huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Kwa hiyo yeye alikuwa Mama Mwongeli, sokoni na kanisani. Nilikuwa nikilisikia hilo jina najiona mtu mkubwa.

Kisha nikafanya mtihani wa kidato cha nne. D.

Mdogo wangu Nzisa akafanya wake baadaye. A!

Mbuzi alichinjwa. Kanisa zima lilikuja kutoa shukrani, Nzisa akasimamishwa mbele, ikatangazwa anaenda kusomea udaktari. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba na moshi wangu, nakoroga pilau ya wageni.

Siku chache baadaye jirani yetu Kalondu akaita kutoka barabarani.

"Mama Mwongeli!"

Mama hakugeuka.

"Mama Mwongeli, si nakuita?"

"Huyo simjui," mama akasema. "Mimi ni Mama Daktari."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ningefanya nini? Lakini niliumia, na bado naumia.

Miaka ikapita. Nzisa akawa wa Nairobi, tukaambiwa yuko hospitali kubwa. Kuja nyumbani ikawa nadra. Mimi nikauza ndengu sokoni Tulia, na jioni nikamchotea mama maji.

Mwaka huu mama akaanza kushika kifua. Akipanda kilima cha kutoka mtoni anasimama njiani, jasho linamtoka, mkono wa kushoto umekufa ganzi.

"Mwaitu, twende hospitali," nikamwambia, maana hivyo ndivyo tunavyomwita mama.

"Nimeshapigia daktari wangu."

"Akasemaje?"

"Ni asidi tu. Ninywe maziwa. Akikuja Disemba ataniangalia mwenyewe."

"Hajakuona hata. Twende tu hapo Kitui wakupime."

Akaniangalia kutoka juu hadi chini.

"Wewe ulipata D. Utafunza daktari kazi?"

Nikampigia Nzisa.

"Nzisa, mama ni mgonjwa kweli. Mwambie aende hospitali. Wewe atakusikia."

"Nikimwambia hivyo atataka kuja kwangu."

"Si umchukue basi?"

Simu ikakatika.

Nilirudi kumbembeleza mama tena na tena. Alikuwa na jibu moja, ile D yangu.

Asubuhi moja nilimkuta jikoni, amelala chini kando ya jiko. Kikombe cha maziwa kilikuwa kimemwagika karibu na mkono wake. Alikuwa ameshapoa.

Hospitalini wakatuambia ni moyo.

Sasa rudini nami pale kaburini.

"Daktari, njoo useme machache," mjomba akaita.

Nzisa akashika maiki.

"Mimi si daktari," akasema.

Tulidhani ni uchungu unaongea.

"Nilifeli mwaka wa pili, wakanitoa chuo. Huko Nairobi nauza laini za simu. Mama angetaka nimtibie kwa hospitali yangu… hospitali gani? Nikamwambia ni asidi."

Pasta akafunga Biblia yake.

"Na kwa nini hukusema?" mjomba akauliza.

Nzisa akaninyooshea kidole.

"Niliona vile mlimfanyia huyu."

Kalondu ndiye aliyeanza. "Kumbe ni mwongo tu!" Wengine wakadakia. Wale wale waliokula mbuzi wake.

Mjomba akamnyang'anya maiki, akaanza upya. "Marehemu ameacha…" Akakwama. Sasa hakujua amhesabu nani.

Nilitaka kumchukia Nzisa, na kuna siku namchukia kabisa. Ule uongo ulimuua mama yetu, sitaupaka rangi. Lakini nilipomwona pale peke yake, watu wakisogea mbali naye, niliyajua hayo macho. Yalikuwa yangu.

Nikaenda nikasimama kando yake.

"Hesabu wawili, mjomba," nikasema.

Siku hizi Nzisa anaishi kwangu. Hatuongei sana. Maziwa hanywi, hata kwa chai.

Mzazi unayesoma hapa, ukimdharau aliyefeli, yule aliyefaulu anakutazama. Anajifunza kwamba akianguka hana nyumbani. Ataficha jeraha lake mpaka liue mtu.

Kama mtoto wako amerudi na D, toka nje umwite kwa jina lake, majirani wakisikia.

Mimi nikipita sokoni bado nasikiliza, labda kuna atakayesema "Mama Mwongeli". Hakuna anayesema. Na mwenye kuitika tulishamzika.