Bustani Iliyofungwa kwa Nje

Krrr, kisha ta! Komeo la chuma lilisukumwa gizani, likaingia mahali pake.

Mwanvita alifumbua macho. Nyumba yao ya Mazimbu haikuwa na komeo hata moja. Milango yote ilikuwa ya vitasa, na geti lilifungwa kwa kufuli. Mumewe alikuwa safarini Dodoma. Alikaa kitandani akisikiliza, sauti haikujirudia. Badala yake ilikuja harufu: mapichesi yaliyoiva yakaoza, na mawe mabichi yasiyoona jua.

Alimkuta binti yake, Mwanahawa, mtoto wa miaka mitano, amesimama sebuleni, kiganja amekibandika mlangoni.

"Unafanya nini hapa, mama?"

"Kuna mtoto," Mwanahawa alinong'ona. "Anasema amefungiwa kwa nje. Amechoka kusubiri. Anataka tubadilishane."

Mwanvita aliinama ambebe, akaona miguu ya mtoto. Ilikuwa na tope jekundu hadi vifundoni, na mjini mvua haikuwa imenyesha wiki tatu.

Hakumpigia mumewe simu. Hakumwamsha jirani. Alilijua komeo lile, na aliujua mkono uliolisukuma.

Kwao Mwanvita ni juu ya Mlali, kule barabara ya magari inapokata tamaa na njia ya miguu inaendelea. Kuna msitu mdogo wa ukoo, wenye makaburi ya mabibi waliotangulia, na katikati yake mzungu mmoja wa zamani, aliyekataa kuonywa, alijenga bustani na kuizungushia ukuta wa mawe mrefu kuliko mtu mzima. Akapanda mipichesi na mawaridi. Akaondoka, ukuta ukabaki. Wazee walisema mle ndani mna wenyewe, yaani majini, na kwamba katika msitu ule mtu haitwi kwa jina. Ukimtafuta mwenzako unapiga makofi mawili, naye anakujibu kwa mawili. Jina likisikiwa na wenyewe, hulichukua, na mwenye jina hulifuata.

Miaka thelathini na moja iliyopita Mwanvita alikuwa na miaka tisa, na mdogo wake mitano. Mdogo huyo alimganda kama kupe. Siku ile Mwanvita alitaka kucheza rede na wenzake. Akampeleka mtoto bustanini, akamwambia aokote mapichesi, akatoka kinyumenyume, akasukuma komeo. Kidogo tu, alijiambia. Rede ikanoga. Ukungu ukashuka. Aliporudi, komeo lilikuwa vilevile alivyoliacha, na bustani ilikuwa tupu.

Walipomuuliza, alisema, "Nilimwona na mlinzi."

Mlinzi wa bustani, mzee Simon, alipigwa mpaka akapofuka jicho moja. Akahamia Dumila, akafia huko akiitwa mla watoto. Wanaume walizunguka msitu siku tatu wakipiga makofi. Hapakuzikwa mtu, hapakusomwa khitma. Bibi yao akakataza jina la mtoto lisitajwe tena. Ukoo mzima ukatii, na Mwanvita, Mungu amsamehe, akashukuru.

Asubuhi aliondoka na Mwanahawa hadi Mlali, wakachukua pikipiki ya kijana mmoja aitwaye Castory, mwenye mdomo usiopumzika.

"Dada, mmepanda wangapi huko nyuma?" alipaza sauti kwenye kilima cha kwanza. "Chombo kinavuta kama nimebeba maharusi!"

"Tuko wawili."

"Basi huyo mtoto mmemlisha kokoto!"

Akacheka, akatupa jicho kwenye kioo cha pembeni, na kicheko kikamkatikia kooni. Alipowashusha aligeuza pikipiki hapohapo, hata nauli hakungoja.

Mjomba Yunusi alikuwa uani akifunga karoti mafungu. Kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake, na yeye ndiye aliyeutunza msitu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwalimu wa mjini! Leo njia imekuonyesha kwetu? Nilidhani siku hizi shikamoo zinatumwa kwa simu tu."

Kisha akamtazama Mwanahawa, akamtazama tena, akaweka karoti chini. Mtoto alikuwa amesimama juani, na vivuli miguuni pake vilikuwa viwili.

"Ameanza lini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Jana, mjomba. Anasikia mtu."

"Mtu gani?"

Mwanvita aliangalia pembeni. "Sijui."

Mzee hakubishana. Alichukua chetezo, udi, unga wa mtama na kibuyu cha maji, wakaingia msituni na jua bado juu. Wakavua viatu kwenye mti wa kwanza. Mjomba akapiga makofi mawili. Msitu ukanyamaza, ndege na wadudu kwa pamoja, kana kwamba kila kiumbe kimekumbuka jambo.

Mlangoni pa bustani alikaa mwanamke akinoa jembe. Ni Editha, binti wa mzee Simon, aliyerudi mwaka juzi kuomba kulima pale baba yake alipolinda.

"Karibuni," alisema bila kuinuka. "Leo wakubwa mmekuja wenyewe? Tahadharini lakini. Uchawi tunarithishana kwetu, nisije nikamtafuna na huyo."

"Mwanangu, leo siyo siku ya maneno," mjomba alisema.

"Kwangu kila siku ni siku ya maneno, mjomba. Nimeyala tangu nikiwa tumboni."

Mwanvita alitaka kujibu, na katika kutafuta jibu akalegeza vidole, na katika kulegea huko mkono mdogo ukachomoka. Mwanahawa alipita kati ya watu wazima watatu kama upepo, akaingia bustanini. Mlango ukajifunga. Krrr, kisha ta! Komeo la nje lilijisukuma lenyewe mbele ya macho yao.

Mwanvita alilirukia. Lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni, na halikusogea. Editha alilipiga kwa jembe, jembe likavunjika mpini. Mjomba alimwaga unga na maji kizingitini, akafukiza udi, akawaomba mabibi wa ukoo mmoja mmoja, lakini moshi ulikataa kupanda, ulitambaa chini ya mlango na kurudi ukinuka mapichesi yaliyooza. Akapiga makofi mawili, na kutoka ndani yakajibiwa mawili, kisha mawili mengine kutoka nyuma yao, kisha mawili kutoka juu kwenye matawi, kisha kila mti ukapiga makofi yake, mawili, mawili, mawili, kama umati wa watu wasioonekana wanaoshangilia mtoto aliyeletwa.

"Mama," Mwanahawa aliita nyuma ya ukuta, "huku kuna baridi."

"Nakuja, mwanangu!"

"Anasema nikae kwenye shimo lake. Nikishalala, yeye atatoka."

"Usilale! Mama, usilale!"

Mjomba Yunusi alimshika bega. "Nisikilize. Jini hamshiki mtu mwenye watu wake. Humshika aliyekosa wa kumdai. Huyu aliyemo humu nani alimwacha? Sema, mtoto anapoa!"

Ndipo yale ya miaka thelathini na moja yalipompanda, hayakumngoja achague maneno. Alipiga magoti kwenye tope, mbele ya Editha, siyo mbele ya mlango.

"Ni mimi," alisema. "Mlinzi hakuwepo. Nilimfungia mimi, kwa mkono huu, ili nikacheze rede. Baba yako hakumwona kabisa. Nilisema uongo, na walipompiga nilikuwa pale, nilitazama, nikanyamaza."

Editha hakulia wala hakumgusa.

"Baba alikuwa akiniuliza," alisema hatimaye, taratibu. "Kila siku, mpaka anakata roho. 'Mwanangu, kwani nilimkosea nini mtoto yule?'" Akageuza uso. "Inuka. Mtoe mwanao. Nitakuchukia ukishamtoa."

Makofi yalikoma. Ndani ya ukuta, karibu sana na mlango, kwa chini pale penye kimo cha mtoto, ilisikika sauti nyingine. Haikuwa ya Mwanahawa. Ilikuwa sauti iliyokauka kwa kutotumika, na ilikuwa ikilia polepole, kama mtu anayejua kwamba kulia hakumsaidii.

"Dada, niliwasikia. Mlipiga makofi. Na wao pia walipiga makofi. Sikujua ya kwenu ni yapi. Mbona hamkuniita?"

Mwanvita aliziba mdomo kwa kiganja. Siku tatu wanaume wazima walikuwa wamepita mle kando ya ukuta, wakiogopa jina moja dogo, na mtoto alikuwa hapohapo, akigeuka huku na huku gizani, akitafuta makofi ya nyumbani kwao katikati ya makofi ya majini.

"Usilitaje!" mjomba alinong'ona, akiwa ameelewa Mwanvita anataka kufanya nini. "Si humu. Wenyewe wakilisikia wamemchukua moja kwa moja, na huyu wako pia wanaondoka naye. Bibi yako alikataza!"

"Walishamchukua, mjomba. Sisi ndio hatukumchukua."

"Mama," Mwanahawa aliita, na sauti yake sasa ilikuwa mbali, nzito, ya mtoto anayesinzia, "naona usi..." Haikumalizika.

Mwanvita alibandika midomo kwenye ufa wa mbao, pale harufu ilipokuwa kali, pale pumzi ndogo ya baridi ilipompiga usoni, na nyuma yake mjomba akijiziba masikio kwa viganja viwili, na Editha amesimama wima na mpini uliovunjika, na msitu mzima umeinama kusikiliza, akavuta hewa mpaka mbavu zikauma, akaita kwa sauti ile aliyokuwa akimwitia mdogo wake jioni, chakula kikiwa tayari:

"Chausiku!"