Boti Iliyobisha Hodi

Jua lilikuwa linazama nyuma ya viwanda vya Baba Dogo wakati Muoki na shemeji yake Wafula walipofika kukagua boti. Ilikuwa boti ya mbio yenye injini mbili kubwa, imepandishwa juu ya trela ndani ya ghala. Wafula alitaka kuinunua akawatembeze watalii ziwani. Muoki, fundi wa injini, alikuja kwa sababu dada yake Syombua alimsihi: mume wangu akiona kitu kinang'aa hasikii la mtu, nenda naye, na unirudishie.

Keynan, muuzaji, hakuingia. Aliwafungulia mlango akabaki barabarani, akanong'ona, "Kagueni. Lakini msiiongeleshe."

Wafula alicheka hadi akashika mbavu.

Muoki hakuona cha kuchekesha. Boti ilikuwa haijaona maji miaka miwili, lakini ilinuka tope na samaki... samaki wa leo. Akafungua kizibo cha nyuma cha kutolea maji. Pakavu. Kisha akachukua nyundo ya mpira, akaanza kugonga ubavu wa boti huku ametega sikio. Mlio mkavu ni mzima, mlio mzito umeoza.

Ngo. Ngo. Ngo.

Akatulia.

Ngo. Ngo. Ngo... kutoka ndani.

Muoki akarudi nyuma. Lakini Wafula alikuwa ameshapanda juu, ameinamia kitundu cha sakafuni. Mama yake, Asenath, ambaye bado aliishi naye Buruburu, alimlea asimwache mgeni mlangoni. Akajibu vile angejibu nyumbani.

"Karibu, boss. Hakuna mbwa."

Kitundu kikamdaka mkono.

Alipiga yowe moja. Mkono ulivutwa hadi begani, mfupa ukavunjika kwa mlio wa kuni kavu. Muoki aliruka akamkumbatia miguu, akavuta huku analia. Kitundu kile kisingepitisha kichwa cha mtoto. Kilimpitisha Wafula. Kichwa kiligonga ukingo, kikagonga tena, kikagonga tena, hadi kikapita. Muoki alibaki na kiatu kimoja. Huko nyuma, pale alipofungua kizibo mwenyewe, damu ilikuwa ikimwagika na maji ya ziwa.

Nje, Keynan hakushtuka. Aliuliza tu nani alisema karibu. Alipoambiwa, alishusha pumzi kama aliyetuliwa mzigo.

"Basi imetoka kwangu, imehamia nyumbani kwa aliyeikaribisha. Wahi kwake. Itabisha kwa sauti yake... na asiitikie mtu."

Muoki alirukia bodaboda hadi Buruburu. Alimkuta Syombua akipakua ugali. Kabla hajasema neno, harufu ya tope ilipita chini ya mlango.

Ngo. Ngo. Ngo.

"Hodi," ikasema sauti ya Wafula.

Muoki akamziba dada yake mdomo. Syombua alipigana, akamuuma kiganja hadi damu ikatiririka kidevuni mwake. Mume wake yuko nje, huyu kaka ameingiwa na nini? Muoki hakuachilia. Alimpenda, na angemvunja taya kuliko kumwacha aseme lile neno.

"Hodi..."

Chumbani, kitanda kililia. Mama Asenath, aliyekuwa akimsubiri mwanawe tangu saa kumi na mbili, aliweka Biblia kando.

"Ingia, mwanangu," akaita. "Karibu."