Chungu cha Asali Nilichotega Kwenye Simu Yangu

"Nimekuelewa, Scola. Sitakutafuta tena. Maisha mema."

Meseji ya Nickson hiyo! Mwanaume aliyetakiwa kuja nyumbani kwetu Dareda mwezi huu kujitambulisha!

Nikapiga... Namba yangu ameshaifungia.

Jamani, mimi sikuwa nimemwandikia chochote!

Mbio mpaka stendi, kwa Leonard fundi simu.

"Kaka, kuna mtu ananidukua!"

Akaipekua simu yote.

"Humu hakuna kirusi, dada. Huyu anaingia na ufunguo. Mtegee chungu cha asali."

"Mi nalia, we unaniletea asali?"

Akacheka. "Ndivyo wanavyoita watu wa kompyuta. Wanaweka kompyuta ya danganya toto, imejaa siri za uongo. Mwizi akiigusa tu, kajitaja. Jina limetoka kwenye chungu chenyewe cha asali. Mlafi hakipiti."

Nilielewa haraka. Baba yangu alikuwa anapaka nta ndani ya mzinga mtupu kabla ya kuutundika. Nyuki wanafuata harufu, wanadhani ni kwao.

Nikamwandikia Leonard meseji ya uongo: "Jumapili asubuhi nahama Babati, naenda Singida moja kwa moja. Sijamwambia mtu."

Kisha nikapeleka simu kuchaji kwa jirani yangu Redempta, kama kila siku. Chumba changu hapa Bonga, Babati hii hii, hakina umeme. Na namba ya siri anayo, nilimpa mwenyewe siku nilipokuwa naumwa. Miaka miwili yeye tu ndiye anayenigongea na kuuliza, "Umekula?"

Yeye sikumwaza kabisa...

Jumapili, kumekucha tu, ngo ngo ngo!

Redempta. Chupa ya chai mkononi, maandazi kwenye kitambaa. Macho mekundu.

"Shosti, ndo unaondoka bila hata kuniaga?"



"Nani kakwambia naondoka?"

Akanisogezea maandazi.

"Redempta! Nani kakwambia?"

"Simu yangu mimi haiiti, Scola!" Akalia kama mtoto. "Nasoma zako. Nikaona Nickson anakuchukua, nikamwandikia akuache, nikafuta. Ukiolewa mimi nabaki na nani?"

Nikafunga mlango.

Ni wiki ya tatu. Nickson nilimtumia mtu amweleze, akajibu ameshasonga mbele. Yale maandazi aliyaacha mlangoni. Niliyala jioni, yamepoa, peke yangu.

Ukuta wetu ni mmoja. Nasikia anavyokohoa. Naye anasikia ninavyogeuka kitandani. Hakuna anayegonga.

Wadogo zangu mnaonisoma, namba ya siri usimpe mtu, hata anayekulisha. Na kabla hujatega asali, jiulize kama uko tayari kumwona atakayekuja.

Simu siku hizi nachaji kwa Leonard. Inajaa mpaka asilimia mia.

Haiiti.